Dume mwenye nyama nyingi: tujue urithi wake kabla ya kununua



Katika koperative nyingi watu wanauliza namna ya kupata ndama wanaokua mbio na wenye nyama nyingi. Wengine wanataka kuleta dume kutoka mbali, ao mbegu ya dume. Tusome kwanza jambo hili.

Alama za jeni ni nini?

Ndama anapokea nusu ya urithi wake kwa baba, nusu kwa mama. Urithi huo uko katika jeni, ndani ya ADN. Maabara inaweza kupima damu kidogo ao mizizi ya nywele za mkia, na kuona alama fulani: kuna alama za kimo na ukuaji, kuna za nyama laini, kuna za mafuta ndani ya nyama. Lakini ukuaji unatoka kwa jeni nyingi pamoja, na nyingi zinasaidia kidogo tu. Tena, jeni nzuri bila majani, maji na dawa ya kupe haileti kilo.

Mfano wa Ubelgiji

Ng'ombe wa Blanc-Bleu Belge wana mapaja manene sana. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha sababu: jeni ya miostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isizidi, imeharibika. Nyama inaongezeka, ndiyo, lakini ndama ni mnene na njia ya mama ni nyembamba. Kwao, majike wengi wa aina hiyo wanazaa kwa kupasuliwa na daktari. Sisi huku kijijini, usiku, daktari yuko mbali: mama na ndama wanaweza kufa wote wawili.

Hesabu ya vizazi

Tuseme dume ana alama hiyo mara mbili, na majike wetu wa Ankole hawana hata moja. Kila ndama atapata alama moja. Nyama inaongezeka kiasi, watu wanafurahi. Miaka inapita, dume yule yule anapanda mabinti zake. Sasa, kwa wastani, katika ndama kumi, watano watakuwa na alama mbili. Hapo ndipo shida kubwa ya kuzaa inaingia, mbali na ubaya wa baba kupanda binti.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kulipa, tuulize ukoo wa dume, uzito wa ndama zake walipozaliwa, na kama alipimwa alama ya miostatini.
2. Mtamba anayezaa mara ya kwanza asipandwe na dume wa namna hiyo.
3. Tuandike katika kaye tarehe ya kuzaliwa, baba na mama wa kila ndama. Tupime kifua kwa kamba, nyuma ya miguu ya mbele, kila miezi mitatu.
4. Mbele mabinti za dume hawajakomaa, tumbadilishe na dume wa koperative ingine, akiisha kupimwa magonjwa.
5. Dume kijana anayepita wenzake kwa kukua, tusimuuze wa kwanza. Tukimpeleka kwa mchinjaji, tunabaki kuzalisha na wale wadogo.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Dume wetu wa leo amekaa miaka mingapi? Mabinti zake wako wapi? Nani atashika kaye?