Karamu ya Mtaani na Soko la Barabarani: Vibali na Usalama wa Chakula Parramatta

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya familia, vikundi vya akina mama, misikiti, makanisa na jumuiya za Waafrika Mashariki wanaoishi Parramatta na vitongoji vyake, ambao wanakusudia kufunga mtaa kwa siku moja ili kufanya karamu ya majirani, sherehe ya Idi au soko dogo la vyakula na nguo.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo turubai la arusi hutandazwa katikati ya njia, na ruhusa hupatikana kwa kwenda kumwamkia sheha au balozi wa nyumba kumi. Majirani hupisha, magari huzunguka, na shughuli huendelea. Hapa sivyo. Barabara ina mwenyewe kisheria, hata ile inayopita mbele ya mlango wako, na mwenyewe huyo yapasa ajulikane kabla hamjanunua kilo moja ya mchele.

Nani mwenye mahali?

Swali hili ndilo linalowapotezea watu muda mwingi zaidi. Mwezi Mei 2016 mipaka ya halmashauri za magharibi mwa Sydney ilibadilishwa. Harris Park imo katika Halmashauri ya Jiji la Parramatta, lakini Merrylands na Auburn zimo katika Halmashauri ya Cumberland. Wakazi wa Westmead wawe waangalifu hasa, kwa kuwa kitongoji chao kimegawanyika baina ya halmashauri hizo mbili. Anwani yenye neno Parramatta karibu yake haitoshi kuwa ushahidi. Tazameni jina la halmashauri lililoandikwa kwenye bili ya kodi ya nyumba, au mwulizeni mwenye nyumba.

Mitaa ya kawaida husimamiwa na halmashauri chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 1993. Barabara kuu kama Victoria Road na James Ruse Drive ni za jimbo, na kwa hakika kikundi cha majirani hakina haja ya kupoteza nguvu kuomba zifungwe. Parramatta Park nayo haimo mikononi mwa halmashauri, bali husimamiwa na mamlaka ya jimbo ya bustani za umma. Bustani ndogo za mitaani nyingi ni za halmashauri, na kufanya biashara au kujenga jukwaa humo kunahitaji idhini chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1993.

Ikiwa ndiyo mara yenu ya kwanza, fikirieni bustani kabla ya barabara. Kufunga barabara kunadai mpango wa kuongoza magari uliochorwa na mtu mwenye sifa, vizuizi, alama, watu waliofunzwa kusimama penye vizuizi, na mashauriano na polisi pamoja na mamlaka ya usafiri ya jimbo. Gharama yake inaweza kuzidi gharama ya chakula chote. Karamu ya ndani ya ua wa nyumba, isiyofunga njia wala kuuza kitu, haina mzigo huo.

Maombi

Ombi liandikwe mapema. Miezi mitatu kabla ya siku yenyewe ni kadirio la busara kwa barabara inayofungwa, na kwa soko lenye vibanda vingi muda uwe mrefu zaidi. Wanaosherehekea Idi wakumbuke kwamba tarehe hutegemea mwandamo wa mwezi, ilhali kibali hutaja siku na saa. Ni salama kuomba Jumamosi inayofuata Idi kuliko kuombea siku ambayo haijathibitika.

Katika ombi elezeni saa za kuanza na kumaliza, pamoja na saa za kupanga na kusafisha, idadi ya watu mnaotarajia, vyoo, taka, muziki na vipaza sauti. Ambatisheni mchoro unaoonyesha kila kibanda, jiko na njia. Lazima ibaki njia pana, isiyo na meza wala kamba za mapambo zilizovuka juu yake, ili gari la wagonjwa au la zimamoto lipite. Mzee anayepatwa na maradhi ya moyo katika nyumba ya mwisho ya mtaa hawezi kusubiri turubai lishushwe.

Halmashauri itadai pia bima ya dhima kwa umma, ambayo kwa kawaida ni ya dola milioni 20. Kiasi hiki huwatisha watu, nao hudhani wanatakiwa kuwa na fedha hizo. Hapana: hicho ni kikomo cha fidia ambayo kampuni ya bima ingeweza kulipa endapo mtu angeumia, ninyi hulipa ada ya bima tu. Kikundi kisichosajiliwa hupata shida kukata bima, kwa hiyo ni vyema kushirikiana na chama kilichosajiliwa. Kila mwenye kibanda naye aulizwe hati yake.

Majirani wapelekewe taarifa kwa maandishi, nyumba kwa nyumba, wakiwemo wale wasiopenda kelele. Anayejulishwa mapema huondoa gari lake. Asiyejulishwa hupiga simu polisi.

Chakula

Kibali cha barabara si kibali cha chakula. Anayeuza chakula katika tukio la muda yumo chini ya Sheria ya Chakula ya New South Wales ya mwaka 2003, na hupaswa kuiarifu halmashauri ya mahali ambapo tukio linafanyika. Anayepika nyumbani ili auze huiarifu pia halmashauri ya mahali anapoishi. Biashara nyingi za chakula kilichopikwa huhitaji msimamizi wa usalama wa chakula mwenye cheti, ambacho hudumu miaka 5. Shughuli ya kuchangisha fedha za hisani haidaiwi msimamizi huyo, lakini vijidudu havitofautishi hisani na biashara.

Hapa natua kidogo, kwa sababu ya pilau na biriani. Wapishi wetu hupika usiku wa kuamkia sherehe, hufunika sufuria kubwa kwa mablanketi, kisha hupasha moto asubuhi na kuamini kwamba moto umeua kila kitu. Mchele huweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali unapokaa vuguvugu huota, huzaliana na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kupashwa moto. Wali utanukia vizuri, na saa chache baadaye watoto na wazee watatapika. Mchuzi mzito wa nyama unaopoa polepole una hatari ya namna yake.

Chakula cha moto kikae nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, na cha baridi nyuzi 5 au chini yake. Kikipikwa jana, kipoe kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria la watu mia haliwezi kupoa hivyo hata likiwekwa ndani ya jokofu. Wali ugawanywe katika sinia za kina kifupi. Chakula kilichokaa kati ya nyuzi 5 na 60 kwa jumla ya saa zisizozidi 2 kinaweza kurudishwa kwenye jokofu. Kati ya saa 2 na 4 kiliwe papo hapo. Zaidi ya saa 4 kitupwe, ijapokuwa moyo huuma kutupa neema. Nunueni kipimajoto cha chakula, kwani kidole si kipimo.

Kila kibanda kiwe na chombo cha maji chenye bomba, sabuni na taulo za karatasi kwa kunawia mikono tu. Kachumbari isikatwe juu ya ubao uliokatiwa nyama mbichi ya mishikaki. Mwenye kuhara au kutapika asiguse chakula mpaka saa 48 zipite tangu dalili zikome. Anayehudumia ajue kilichomo, hasa karanga, ufuta, maziwa, mayai na ngano, maana mzio huua kwa dakika. Siku ya marufuku kamili ya moto mkaa na kuni haviwashwi, basi andaeni njia nyingine ya kupikia mishikaki tangu mapema.

Ikiwa watu wataugua baada ya tukio, ushauri wa muuguzi hupatikana kwa simu 1800 022 222, na kwa dharura ni 000. Inaposhukiwa kuwa ni sumu ya chakula, iarifuni Mamlaka ya Chakula ya New South Wales kwa 1300 552 406, na mhifadhi kilichosalia kwenye jokofu ili kiweze kupimwa.

Msimtumie mtoto wa shule kuwa mkalimani wa mambo ya bima na sheria. Pigeni 131 450, saa yoyote, mtaje neno “Swahili”, kisha mwombe kuunganishwa na halmashauri yenu katika saa za kazi.