SOMO: KUBADILI OILI BILA KUIMWAGA

Somo hili ni la wajumbe wa bodi, watunza stoo, madereva na kila mwanachama mwenye chombo cha moto nyumbani.

Vyama vingi vya msingi vina gari au trekta, na aghalabu oili hubadilishwa papo hapo uani. Mkaguzi akiuliza juu ya doa jeusi lililo mbele ya ghala, huambiwa kuwa oili haina budi kumwagika. Jibu hilo si sahihi. Oili humwagika kwa sababu zinazojulikana, na kila sababu ina kinga yake.

Hasara yake

Kahawa hunyonya harufu upesi. Gunia lililoburuzwa juu ya oili laweza kuharibu mazao ambayo mkulima ameyahudumia mwaka mzima. Tena oili iliyotumika ina masizi na chembe za metali. Mvua ikiichukua hadi kisimani, maji hayanyweki. Na ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu, yaweza kuleta saratani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mtu katika Tanzania wajibu wa kuyalinda mazingira.

Matayarisho

Egesha gari pahali tambarare, mbali na ghala na kisima. Vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu kwa magogo. Kamwe usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Jua kwanza injini hubeba oili kiasi gani. Pikipiki ndogo huchukua lita 1 hivi, gari dogo la mizigo lita 5 hadi 8, na lori kubwa huweza kuzidi lita 20. Tafuta karai pana linalozidi kiasi hicho. Chini yake tandaza turubai kuukuu na pumba za mpunga au unga wa mbao.

Washa injini kwa dakika 5, uizime, kisha subiri dakika 10. Oili yenye uvuguvugu hutiririka vyema na kuchukua uchafu; ya moto sana huunguza mikono.

Nyakati nne za hatari

1. Boliti inapofunguka. Ilegeze kwa spana, umalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu kana kwamba unaifunga. Hesi zikiisha, ivute kando kwa haraka. Vaa glovu.

2. Mkondo unapobadilika. Mwanzoni oili huruka mbali. Kadiri inavyopungua, huanguka karibu na tundu. Karai na liufuate mkondo. Usiondoke.

3. Filta inapotolewa. Filta hubaki na oili ndani. Weka chombo chini yake, na ikishatoka igeuze mdomo juu. Hakikisha mpira wake wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikipandana, oili mpya itaruka nje injini ikiwashwa. Paka mpira mpya oili kidogo, kisha kaza filta kwa mkono.

4. Oili inapohamishwa. Tumia faneli na dumu lenye kifuniko, lililoandikwa OILI CHAFU. Dumu hilo lisitumike tena kwa maji wala chakula.

Rudisha boliti na washa yake kabla ya kutia oili mpya. Tia kidogo kidogo huku ukipima kwa kijiti. Washa injini kwa dakika moja, chungulia chini, zima, kisha pima tena.

Oili iliyokingwa huhesabika

Mtunza stoo aandike lita alizotoa, zikiwamo za kuongezea, na lita za oili chafu zilizorudi. Ikiwa injini ilitiwa lita 7 na zikarudi 4, bodi haina budi kuuliza: je, injini inavuja, inaunguza oili, au zile lita 7 hazikuingia zote? Oili ikiisha kumwagika ardhini, swali hilo halina jibu, na aliyeficha lita 2 hutembea pamoja na asiye na hatia.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala chooni, wala isichomwe jikoni. Ihifadhiwe mpaka ikabidhiwe mkusanyaji aliyeruhusiwa. Iliyodondoka ifunikwe kwa pumba, izolewe na kutiwa katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto. Usiioshe kwa maji, kwani utaisambaza tu.

Maswali ya kujadiliana

1. Oili ya chombo cha chama chetu hubadilishwa wapi? Pana umbali gani hadi kwenye ghala na kisima?

2. Daftari la stoo laonyesha lita zilizotoka na zilizorudi? Tofauti yake ni nini?

3. Ni nani atakayekabidhiwa karai, faneli na dumu, na atawajibika kwa nani?