Mtoto Anapotaka Kumsaidia Mama Aliyechoka



Jioni moja mke wangu alirudi kutoka sokoni akiwa amechoka kabisa. Aliketi mlangoni, hata leso kichwani hakuifungua. Mtoto wetu wa miaka minne alipomwona hivyo alikimbia jikoni, akatwaa mkebe wa unga ili eti apike ugali. Unga wote ukamwagika sakafuni. Mimi, niliyekuwa nimekaa kitini nikisikiliza taarifa ya habari, nilimkemea vikali: "Toka hapo! Unaharibu chakula!" Mtoto akalia. Mama yake akanitazama, akasema polepole, "Baba watoto, katika nyumba hii ni huyo peke yake aliyeona kwamba nimechoka."

Maneno hayo yaliniuma. Na mimi ndiye katekista ninayewafundisha wachumba mambo ya ndoa!

Wazazi, mtoto wa miaka mitatu hadi mitano hutamani kufanya kila anachoona mkifanya. Kwake hiyo si kazi, ni njia ya kuwa mmoja wenu. Sisi humfukuza kwa sababu atavunja kikombe, na kazi ya dakika 5 itachukua 20. Halafu akifika miaka 12 twamwita mvivu. Je, ni nani aliyemfundisha kwamba kazi za nyumbani hazimhusu?

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 48, unafundisha kuwa watoto nao, kwa namna yao, huwasaidia wazazi wao kuwa watakatifu. Zamani nilidhani ni kwa sala zao tu. Siku hizi naona hata ule unga uliomwagika ulinisaidia.

Mpeni mtoto kazi ya kimo chake: kupanga vijiko, kuwatupia kuku mahindi, kutoa maharagwe kwenye maganda, kukunja nguo zake. Wavulana wafanye sawa na wasichana. Lakini moto, maji yanayochemka, kisu na mafuta ya taa si vya mtoto huyu, hata mama awe amechoka namna gani. Wala msimtume maji kwa mtungi wa lita 20, kwani ukijaa una zaidi ya kilo 20, uzito unaoweza kuzidi wake mwenyewe. Mkebe wa lita moja watosha. Akimaliza, mshukuruni, na msirudie ile kazi mbele ya macho yake.

Kuna hatari nyingine, nayo imo katika ndoa yenyewe. Mama aliyechoka aweza kumwambia mtoto, "Wewe ndiwe unayenipenda, si kama baba yako." Hapo mtoto ametwikwa mzigo usio wake. Lililo baina ya mume na mke na lisemwe baina yao, kama mke wangu alivyoniambia mimi. Nawe baba, usifikiri kwamba mtoto akishika ufagio wewe umepata ruhusa ya kuketi. Jioni ile nilifagia unga mwenyewe, mtoto akishika karatasi ya kuzolea, kisha nikasonga ugali. Ulikuwa na madonge, lakini ulilika.

Leo usiku, watoto wakishalala, ulizaneni: ni saa ngapi za siku unachoka zaidi, na ni nani anayekuona? Baba aanze kujibu kuhusu mama, ndipo mama ajibu kuhusu baba.