Punje za mchele chini ya mkia

SWALI: Msomaji mwenye paka na mbwa ameona vitu kama punje za mchele chini ya mkia wa paka. Anauliza kama anaweza kuwapa wote dawa ya minyoo iliyobaki baada ya kutibu mbuzi.

JIBU: Hapana, dawa ya mbuzi ibaki kwa mbuzi. Punje hizo ni pingili za tegu: zikiwa mbichi hujikunjakunja, zikikauka hugeuka manjano kama ufuta. Dawa inayomuua ni prazikwanteli, nayo hutolewa kulingana na uzito, kwa hiyo daktari wa mifugo awapime kwanza, mmoja mmoja.

Lakini kidonge peke yake hakitoshi. Tegu huyu husafiri ndani ya kiroboto. Paka anajilamba, anameza kiroboto, na baada ya wiki 3 hivi pingili zinaonekana tena. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto, sakafu ifagiliwe hadi kwenye nyufa. Wanyama nao watibiwe viroboto, na hapa ndipo ajali hutokea: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini, akipakwa paka, humtetemesha na inaweza kumuua.

Mtoto akimeza kiroboto naye hupata tegu huyu. Apelekwe hospitali, hutibika.

Tegu anayetisha ni mwingine. Kule Turkana, Kenya, mbwa wanaokula maini na mapafu mabichi ya mifugo hubeba tegu wa milimita chache tu. Mayai yake yakimezwa na binadamu huotesha vivimbe vya maji kwenye ini, na pengine mtu hupasuliwa. Ini lenye vivimbe lichomwe au lizikwe kwa kina. Mbwa asirushiwe hata kipande.