Ngozi ya kijana anayetaka kuwa rubani wa jeshi

Wazazi wapendwa, na ninyi vijana wetu, mwezi huu tujifunze juu ya ngozi.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, tunasoma habari za Naamani. Alikuwa jemadari na shujaa, lakini alikuwa na ugonjwa wa ngozi. Hakupona kwa kuuficha. Kijakazi mdogo wa nyumbani mwake alithubutu kusema mahali pa kupata msaada, naye Naamani akaenda.

Kijana mmoja wa huku kwetu Ugalla, aliyemaliza kidato cha sita, alikuja hospitalini na mama yake. Tangu utoto anatamani kurusha ndege za jeshi. Mkononi alikuwa na baka lililopauka. Nyumbani walikuwa wamemnunulia krimu sokoni ili lipotee kabla ya kupimwa afya. Nilimwambia afumbe macho, nikagusa baka kwa pamba. Hakusikia kitu. Nitarudi kwake mwishoni.

Kwa nini jeshi huangalia ngozi?

Jeshi letu la Wananchi, lililoundwa mwaka 1964, lina kamandi yake ya anga. Rubani wa ndege ya kivita huvaa kofia ngumu, mikanda inayobana, na barakoa ya oksijeni usoni. Hukaa na jasho humo kwa muda mrefu. Ngozi ya uso ikiwa na vidonda, barakoa haikai vizuri na hewa huvuja. Mwasho nao huvuruga mawazo. Tena vidonge vingine vya kuzuia mwasho, kama Piriton, huleta usingizi, na rubani hawezi kusinzia angani. Ndiyo maana nchini Marekani, kwa miaka mingi, ukurutu uliompata mtu baada ya utoto umehesabiwa kuwa kizuizi cha kuingia jeshini, isipokuwa akipewa kibali maalumu.

Magonjwa tunayoyaona mara kwa mara

1. Upele. Huwasha zaidi usiku, hasa katikati ya vidole. Hupona kabisa. Watu wote wa nyumba wapake dawa siku moja, nguo na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. Mwasho waweza kubaki wiki mbili hata wadudu wakiwa wamekufa.

2. Choa na mba. Hawa ni fangasi. Ukipewa dawa ya kupaka, usiache mara tu unapoona nafuu. Maliza muda ulioelekezwa. Mba ukishapona, rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi. Basi usingoje wiki ya kupimwa ndipo uanze tiba.

3. Pumu ya ngozi, yaani ukurutu. Huja na kuondoka, na mara nyingi hurithiwa. Oga kwa sabuni isiyo kali, kisha paka mafuta mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Huu ndio unaoweza kuleta shida zaidi kwa rubani, kwa hiyo daktari aelezwe historia yake yote.

4. Baka lisilo na hisia. Haliwashi wala haliumi, kwa hiyo watu hulidharau. Kumbe laweza kuwa ukoma. Ukoma bado upo Tanzania, na dawa zake ni bure. Hutibiwa kwa miezi 6 au 12, na mgonjwa akishaanza dawa, haraka huacha kuambukiza. Akichelewa, mishipa ya fahamu huharibika na vidole hufa ganzi. Watu wa nyumbani nao wachunguzwe.

Hatari ya kuficha

Krimu nyingi za sokoni, pamoja na mkorogo, huwa na steroidi. Hizi hutuliza wekundu na mwasho kwa muda, lakini choa huendelea kuenea chini yake, na ngozi huwa nyembamba. Daktari naye hupotezwa, asijue anaona nini. Kijana anayeficha ugonjwa unaotibika anaweza kuugeuza kuwa ulemavu.

Kijana wetu alipimwa, akaonekana ana ukoma ulio mwanzoni. Alianza dawa siku ileile. Mama yake alilia, akidhani ndoto imekufa. Sikumwahidi nafasi jeshini, maana uamuzi ni wa madaktari wa jeshi. Nilimwonyesha tu kwamba mwanawe bado anasikia pamba kwenye vidole vyote kumi. Rubani huhitaji vidole hivyo, na mkulima pia, na kila mtu.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Je, katika nyumba zetu kuna mtu anayeficha baka kwa aibu? Tumsaidieje?
2. Kijakazi wa Naamani alisema bila woga. Ni nani kati yetu anayepaswa kusema leo?