Somo la Kikundi: Mama Mja Mzito na Vileo



Leo tujifunze juu ya jambo ambalo vikundi vingi huogopa kuligusa: mama mwenye mimba anayetumia vileo.

Tuanze na kokeini. Hiyo hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Mtoto tumboni hupata chakula na hewa kupitia kondo la nyuma. Mishipa ikibanwa, anakosa vyote viwili. Kondo linaweza kubanduka kabla ya wakati, mama akatokwa na damu nyingi. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au na uzito usiofika kilo 2.5.

Mtasema, "Hayo ni mambo ya Nairobi na Mombasa, siyo ya huku Timau." Haya basi, tuangalie yaliyo karibu nasi.

Pombe. Iwe chang'aa, bia au muratina ya sherehe, humfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake. Madhara hayo hayaponi. Mtoto huwa mgumu wa kushika masomo, na watu humwita mtundu au mjinga bure. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Miraa. Ina kathinoni, ambayo nayo hupandisha presha na kuondoa hamu ya kula. Mama asipokula, mtoto atapata wapi? Hata kwenye maziwa ya mama hupita.

Je, tumfukuze mama huyu? Hapana. Huko Marekani, mjini Charleston, kuanzia 1989 wajawazito walipimwa mkojo hospitalini na majibu yakapelekwa kwa polisi. Wengine walikamatwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwapima hivyo bila ruhusa yao ni kinyume cha katiba. Magazeti nayo yalikuwa yametangaza kwamba watoto wa kokeini wameharibika kabisa. Walipofuatiliwa miaka mingi, wengi walikuwa na nafuu kuliko ilivyotabiriwa, na malezi mema yalisaidia. Sisi tunajifunza hivi: mama akiaibishwa hujificha, na akikosa kliniki hatari huzidi.

Kikundi kifanye nini?

1. Tusimseme hadharani. Amtembelee mama mmoja anayeaminika, na siri ibaki hapo.

2. Amsindikize kliniki, amwambie nesi ukweli. Anayekunywa kila siku asiache ghafla peke yake, maana anaweza kushikwa na kifafa. Aache akisaidiwa na daktari.

3. Tumpe moyo. Akiacha hata mwezi wa saba, mtoto anafaidika.

4. Baba naye asilete chupa nyumbani. Ni vigumu mmoja kuacha na mwingine anakunywa palepale.

5. Akitokwa na damu, au tumbo likiwa gumu na kuuma, asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja. Tuweke akiba ya gari kutoka mfuko wa kikundi.

Maswali ya kujadiliana

- Ni shida gani zinazowasukuma kina mama wa kwetu kunywa?
- Nani huwauzia, na tuzungumze naye vipi?
- Usiku wa manane, tutapata gari kwa nani, na pesa zitatoka wapi?

Mkishajibu, andikeni mliyokubaliana kwenye kitabu cha kikundi, na mkutano ujao muulizane mmefika wapi.