Upatanisho wa Ngeli katika Ubadilishaji wa Programu Huria za Tovuti: Mfano wa MediaWiki

Ikisiri
Makala haya yanachunguza namna taasisi inayoendesha programu huria ya tovuti katika seva yake yenyewe inavyoweza kuibadilisha ili itumie Kiswahili sanifu. Kwa mfano wa MediaWiki, inaonyeshwa kwamba kikwazo hakiko katika istilahi pekee. Kimo pia katika upatanisho wa ngeli, na huweza kuondolewa bila kugusa programu ya msingi.

1.0 Utangulizi
MediaWiki ndiyo programu inayoendesha Wikipedia. Chimbuko lake ni programu ya PHP iliyoandikwa na Magnus Manske, ambayo ilianza kutumika katika Wikipedia Januari 2002. Mwaka huohuo Lee Daniel Crocker aliiandika upya, na jina la MediaWiki likaanza kutumika mwaka 2003. Kwa kuwa hutolewa chini ya leseni ya GPL, idara ya lugha inaweza kuiweka katika seva yake, kuitumia kwa kamusi au hifadhi ya fasihi simulizi, na kuibadilisha kadiri ya mahitaji yake.

Mijadala kuhusu Kiswahili na kompyuta imejikita sana katika istilahi. Suala hilo lina uzito wake. Hata hivyo, istilahi nzuri ikiwekwa katika sentensi iliyovunja upatanisho, msomaji hupewa neno sahihi ndani ya sarufi mbovu. Mwanafunzi anayeisoma sentensi hiyo kila siku huweza kuizoea na kuidhania kuwa sanifu.

2.0 Tabaka za Ubadilishaji
Ubadilishaji wa MediaWiki unaweza kugawanywa katika tabaka tatu.

(a) Mwenendo. Huu huamuliwa katika faili la LocalSettings.php. Humo ndimo lugha ya tovuti huwekwa kuwa Kiswahili ($wgLanguageCode = 'sw';) na wageni huzuiwa kuhariri. Kwa kamusi, mpangilio wa $wgCapitalLinks ukiwekwa false, programu haitalazimisha herufi kubwa mwanzoni mwa kila kidahizo.

(b) Sura. Rangi, fonti na nafasi hubadilishwa katika ukurasa wa MediaWiki:Common.css. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vingi, hivyo neno moja huweza kuwa refu kuliko kitufe kilichokadiriwa kwa Kiingereza. Upana huo hurekebishwa hapa.

(c) Maneno. Kila ujumbe unaoonekana katika tovuti una jina lake. Mkabidhi akiandika ukurasa wenye jina hilo, ukianza na MediaWiki:, maneno yake hutumika badala ya yale ya asili. Ili kulijua jina la ujumbe, huongezwa uselang=qqx katika anwani ya ukurasa, na programu huonyesha majina ya jumbe badala ya maneno.

Katika tabaka zote, kanuni ni moja: mafaili ya msingi yasihaririwe. Anayeyahariri huyapoteza marekebisho yake pindi toleo jipya linapowekwa.

3.0 Tatizo la Ngeli
Jumbe nyingi zina vigeu, yaani nafasi kama $1 ambazo programu hujaza yenyewe. Matatizo mawili hujitokeza.

3.1 Kigeu cha idadi
Programu ina kanuni ya PLURAL inayochagua umbo la umoja au la wingi. Mfasiri anayebadili nomino pekee huacha kitenzi bila upatanisho, na matokeo huwa *Kurasa 7 umefutwa. Katika Kiswahili, umoja na wingi huathiri nomino, kivumishi na kitenzi kwa pamoja. Kwa hiyo ni heri sentensi nzima iwekwe ndani ya kanuni:

{{PLURAL:$1|Ukurasa $1 umefutwa|Kurasa $1 zimefutwa}}

3.2 Kigeu cha jina
Tatizo hili ni zito zaidi. Ujumbe ukiwa "$1 imefutwa", kiambishi i- huchaguliwa kabla ya nomino kujulikana. Kidahizo kikiwa Vitenzi, hupatikana *Vitenzi imefutwa. Kidahizo kikiwa Mwalimu na kiambishi kikarekebishwa kuwa a-, sentensi huwa na sarufi sahihi lakini huleta maana ya mtu aliyepoteza kazi. Suluhisho ni kutanguliza nomino kuu ambayo ngeli yake inajulikana:

Ukurasa wenye jina "$1" umefutwa

Hapa kitenzi hupatana na ukurasa, na kigeu hubaki huru kupokea nomino ya ngeli yoyote.

Ikumbukwe kwamba MediaWiki ina kanuni ya GENDER kwa lugha zinazotofautisha jinsia, na ya GRAMMAR kwa lugha zenye uambishaji wa nomino kama Kifini. Kiswahili hakiihitaji ile ya kwanza, kwani "Mtumiaji $1 amehariri" hufaa kwa mwanamume na mwanamke. Kanuni itakayokisia ngeli ya jina lolote litakaloandikwa na mtumiaji si rahisi kuitunga, hivyo kazi hiyo humwangukia mwandishi wa ujumbe.

4.0 Mipaka ya Marekebisho ya Ndani
Marekebisho ya tabaka la maneno yana hasara mbili. Kwanza, hubaki kama yalivyo hata ujumbe wa asili unapoongezewa kigeu kipya, hivyo hayana budi kukaguliwa kila toleo linapobadilishwa. Pili, huinufaisha tovuti moja tu. Tafsiri za MediaWiki hukusanywa katika translatewiki.net, na sahihisho lililopelekwa huko huweza kuingia katika matoleo yajayo na kuzifikia tovuti nyingine za Kiswahili.

5.0 Hitimisho
Imeonekana kwamba kuibadilisha programu huria ni kazi ya fundi na ya mwanaisimu kwa pamoja. Inapendekezwa kwamba idara inayoendesha tovuti yake ianze kwa kurekebisha jumbe zenye vigeu, izijaribu kwa nomino za ngeli mbalimbali, kisha ipeleke yaliyothibitika mahali pa wote. Idara isiyofanya hivyo itafundisha upatanisho wa kisarufi darasani huku tovuti yake ikiuvunja.